Usizime sharti la nyuzi 180, libadilishe

Mkuu, usiandike hiyo criteria = 0, yaani mpangilio wa kuzima sharti la uimara. Umesema simulesheni yako ya ANDES, programu ya kuiga mwenendo wa gridi ya umeme, inakatika sekunde ya pili wakati umeiwekea 20, na jamaa hapo juu kakushauri uzime sharti la kusimamisha ili mchoro ufike mwisho.  

Programu haijaharibika. Imesimama kwa sababu pembe za rota (sehemu zinazozunguka) za jenereta zako zimeachana kwa zaidi ya nyuzi 180, yaani haziendi pamoja tena. Kwenye kituo halisi rilei, yaani kifaa cha ulinzi, ingeitoa mashine kwenye gridi. Modeli yako haina rilei hiyo, kwa hiyo ukizima sharti, hesabu zinaendelea tu na mashine inateleza mzunguko baada ya mzunguko bila shafti kukatika.

Ushauri huohuo nilipewa na mkufunzi wa semina: "Weka sifuri, kelele zitaisha." Na ujumbe wa programu yenyewe unakuonyesha namna ya kulizima. Mwalimu anasema zima, programu inakuonyesha pa kuzimia, ungebisha wewe?

Nilikuwa naandaa ripoti ya mteja, natafuta kwa kila laini muda wa mwisho wa kukata hitilafu kabla mashine hazijaachana. Skripti ya Python ilianzia sekunde 0.05 hadi 0.5, ikigawa nusu kwa nusu. Simulesheni ikifika sekunde ya 20, skripti inaandika "imara" na kurefusha hitilafu. Ikikatika njiani, inaifupisha. Umeona mtego? Sharti likishazimwa, kila jaribio linafika 20, kwa hiyo kila jaribio ni "imara". Laini zote zikatoa jibu moja, 0.5. Kwenye 220 kV ulinzi mkuu hukata hitilafu ndani ya milisekunde 100 hivi, na kanda ya pili ya rilei ya umbali, ambayo ni ulinzi wa akiba, huwekwa kati ya sekunde 0.3 na 0.5. Kwa hiyo ripoti ikawa inamwambia mteja kwamba hata ulinzi mkuu ukigoma, kanda ya pili inatosha kuokoa gridi. Ni uongo wa hatari! Mchoro wa pembe nao ulikuwa unakunjwa ndani ya nyuzi 360, hivyo mashine iliyokwishatoroka ilionekana kama inayumba tu. Ripoti ikarudishwa, malipo yakazuiwa, kazi ikaanza upya. Mkufunzi hakupokea simu, na hadi leo anafundisha vilevile. Hilo ndilo linaloniuma.

Kubadilisha sharti ni jambo jingine, na kuna wakati ni lazima. Chukua Kenya na Ethiopia: zimeunganishwa kwa laini ya DC (mkondo mnyoofu) ya 500 kV, kutoka Wolayita Sodo hadi Suswa, zaidi ya kilomita 1,000. DC haizifungi jenereta za pande mbili kwenye mwendo mmoja. Ukiziweka zote kwenye modeli moja, pembe ya mashine ya Gibe kule Ethiopia na ya Olkaria kule Kenya zinaweza kuachana nyuzi 500 na hakuna kilichoharibika. Hapo sharti la gridi nzima litakukatia kazi bure. Kenya na Tanzania ni kinyume: laini ya Isinya hadi Singida ni AC (mkondo geu) ya 400 kV, kwa hiyo mashine zao zinahesabiwa kundi moja. Gridi ikigawanyika visiwa, yaani vipande visivyoungana tena, baada ya laini kukatwa, inakuwa kama Kenya na Ethiopia: kila kisiwa ni kundi lake.

Kwa hiyo andika sharti lako: linganisha pembe ndani ya kila kundi la AC peke yake, na kila simulesheni inaposimama, skripti iandike sharti gani limeisimamisha, sekunde ya ngapi, na mashine ipi. Kufika mwisho wa muda kusihesabiwe uimara mpaka pembe, volteji na masafa (Hz) vyote vimekaguliwa.

Sasa tuwekee hapa mistari ya mwisho ya logi kabla haijakatika, na uorodheshe jenereta zako. Tuanze na ile inayotangulia kukimbia.