Kilo zako zinahesabiwa siku ya kukata tiketi

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa watu wanaopanda ndege kutafuta riziki: wa Kariakoo wanaofuata mzigo Guangzhou, wa Mombasa wanaokwenda Dubai, fundi simu mmoja wa Morogoro. Nilikaa nyuma ya dawati la tiketi miaka mingi, na bado roho inaniuma mtu anapopoteza faida ya safari nzima kwa mstari mmoja ambao hakuna aliyemsomea. Barua nimezifupisha, majina nimeyaacha.

Shikamoo mama. Nilikata tiketi ya kwenda na kurudi Guangzhou kwa bei nzuri. Kiwandani wakanichelewesha siku 5. Nilipotaka kusogeza tarehe ya kurudi nikatozwa faini, halafu nikatozwa tena "tofauti ya nauli". Si wamenitoza mara mbili? (Muuza viatu, Kariakoo)

Marahaba mwanangu. Hizo ni tozo mbili tofauti, na zote huwa zimo kwenye masharti ya tiketi. Faini ni malipo ya kuruhusiwa kugusa tarehe. Tofauti ya nauli inatokana na jinsi viti vinavyouzwa: ndani ya daraja lile lile la kawaida, viti vimegawanywa mafungu ya bei, kila fungu na herufi yake. Wewe ulinunua fungu la chini. Siku uliyotaka kurudi fungu hilo lilikuwa limekwisha, yakabaki ya juu, ukalazimika kuongeza.

Kinachowaumiza wengi ni kwamba zamani tiketi ya kawaida ilikuja na kilo zake na nafasi ya kubadili tarehe. Siku hizi mashirika mengi yamevitenganisha. Nauli ya chini kabisa inaweza kuwa ni kiti tu, bila begi la kukabidhi kaunta na bila kurudishiwa hata senti ya nauli. Tiketi yenyewe inasema. Ifungue kwenye simu, fuata mstari wa safari yako. Ukiona "30K" una kilo 30 kwa jumla. "2PC" ni mabegi mawili. "NIL" huna kitu. Kwenye masharti ya nauli, "NONREF" ni kwamba nauli hairudi. Mwambie wakala akuoneshe hayo kabla hujatoa hela. Akisitasita, nenda kwa mwingine.

Kwa mtu anayefuata mzigo kiwandani sina ushauri wa pande mbili: usinunue tarehe isiyobadilika. Nauli inayoruhusu kubadili inaonekana ghali siku ya kulipa, lakini ipime dhidi ya faini, tofauti ya nauli na usiku kadhaa wa hoteli. Na safari ikishindikana kabisa, ifute kabla ndege haijaondoka. Asiyetokea bila taarifa hutozwa adhabu yake, na wengine hupoteza nauli yote. Hata kwenye tiketi isiyorudishwa, kodi za viwanja vya ndege ambazo hukuzitumia mara nyingi hurudishwa ukiziomba. Ziombe.

Nilitoka Mwanza hadi Dar kwa tiketi moja, na Dar hadi Istanbul kwa tiketi nyingine. Kurudi nilikuwa na kilo 46 halali, lakini Dar nikalipishwa kilo 23 za ziada. Kwa nini? (Mfanyabiashara wa vitambaa, Mwanza)

Kwa sababu tiketi mbili ni mikataba miwili. Safari yote ingekuwa kwenye tiketi moja, kilo zako zingefuata sharti moja lililoandikwa humo hadi Mwanza. Ukizitenganisha, shirika la ndani linaangalia tiketi yake tu, hata ukiwaonesha ile ya Istanbul. Hatari kubwa zaidi iko upande wa pili: ndege ya Mwanza ikichelewa ukaikosa ya kimataifa, yule wa kimataifa hadaiwi chochote, wewe ndiye uliyechelewa. Ukiona bei ya kutenganisha imeshuka sana, weka usiku mmoja wa kulala Dar katikati, uuhesabie.

Robota langu lilikataliwa Dubai ingawa uzito ulikuwa sawa. Walinionea? (Mama mwenye duka la abaya, Mombasa)

Pole sana mama, lakini hawakukuonea. Tangu tarehe 8 Machi 2017 uwanja wa Dubai haupokei mzigo wa mviringo wala usio na upande bapa, kwa sababu unakwama kwenye mikanda na mitambo ya kupeleka mizigo. Nimelishuhudia hili pale pale: mwanamke amepiga magoti sakafuni, mkasi mkononi, anakata kamba za robota alilolifunga usiku kucha. Abaya zinamwagika, anazisukuma kwenye maboksi aliyoyanunua dakika hiyo hiyo, na foleni inampita. Sikusahau uso wake.

Funga kwenye boksi au sanduku tangu hotelini. Kipande kimoja kisizidi kilo 32, maana mashirika mengi hayapokei zaidi hata ukilipia. Kuna binadamu anayekiinua. Nunua mzani mdogo wa kuning'iniza na pima sanduku likiwa tupu kwanza. Sanduku gumu la kilo 5 limekula zaidi ya moja ya tano ya kilo 23 zako kabla hujaweka nguo hata moja.

Halafu piga hesabu ya kilo kama unavyopiga hesabu ya bei ya jumla. Tuseme kilo ya ziada ni dola 12 na abaya moja ina gramu 800. Kila abaya imeongezeka karibu dola 10 kabla haijafika dukani. Je, mteja wako wa Mombasa ataibeba hiyo? Kama hataibeba, bidhaa hiyo ipeleke kago. Kama ataibeba, nunua kilo mapema mtandaoni, kwani kaunta mara nyingi ndiyo bei ya juu kuliko zote. Na ushuru bado uko palepale: bidhaa za kuuza hazipati msamaha wa mizigo binafsi ya abiria, hata zikiwa kwenye sanduku lako la nguo.

Naweza kurudi kutoka China na betri 40 za simu na pawabenki 10 kwenye begi? (Fundi simu, Morogoro)

Hapana. Betri ya akiba na pawabenki haziingii kwenye begi la kukabidhi, zinakaa mkononi, na ruhusa hiyo ni ya matumizi yako mwenyewe. Za kuuza zinakwenda kago zikiwa zimetangazwa kama bidhaa hatarishi. Ile yako binafsi isizidi wati-saa 100: zidisha mAh kwa volti, gawa kwa 1,000. Ya mAh 20,000 yenye volti 3.7 ni wati-saa 74, inapita. Ukipanda ndege za ndani ya China, tangu tarehe 28 Juni 2025 lazima iwe na alama ya 3C, yaani alama ya usalama wa bidhaa ya China. Shirika la ndege la Emirates nalo tangu tarehe 1 Oktoba 2025 inaruhusu moja tu, na hairuhusiwi kutumika ndani ya ndege.

Nilipanda basi hadi Nairobi, nikaacha kipande cha kwanza cha tiketi, yaani ndege ya kunifikisha Nairobi. Kwa nini safari yote ilifutwa?

Tiketi hutumika kwa mpangilio wake. Ukiruka kipande cha kwanza, vinavyofuata hufutwa, cha kurudi kikiwemo. Lipigie simu shirika la ndege kwanza, kabla hujapanda basi.

Begi langu la sampuli limefika limepasuka, mali imeharibika. Nadai wapi, na kiasi gani? (Mwagizaji, Dar es Salaam)

Tanzania, Kenya, China na Falme za Kiarabu zote zimo katika Mkataba wa Montreal wa 1999, unaopanga fidia ambayo shirika la ndege linamlipa abiria. Mzigo ulioharibika, lalamika kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu uupokee. Uliochelewa, siku 21 tangu ukabidhiwe. Kufungua kesi, miaka 2. Kikomo cha fidia tangu tarehe 28 Desemba 2024 ni SDR 1,519 (SDR ni kipimo cha fedha cha IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa), takriban dola 2,000, na ni kwa abiria, si kwa kila begi. Sampuli zako zikizidi thamani hiyo, safari ijayo tangaza thamani yake kaunta na ulipe nyongeza, au zikatie bima.

Kwako wewe, barua yako inasema begi ulilichukua juzi, kwa hiyo nimekujibu pembeni mapema. Ripoti uliyojaza pale uwanjani iambatanishe, piga picha mpasuko na kile kikaratasi cha namba ya begi, weka risiti za sampuli, tuma kwa barua pepe leo, na nakala ibaki kwako.