Fundi kanipigia Linux, picha za harusi ziko wapi?

SWALI: Kaka za kazi? Laptopu yangu ya Windows 10 ilishachoka, nikasikia tangu Oktoba 2025 haipati tena apdeti na Windows 11 inaikataa, basi nikampelekea fundi wa hapa mtaani anipigie Linux, ule mfumo mwingine badala ya Windows. Imekuwa nyepesi kweli, ila picha za harusi ya mdogo wangu na ripoti ya chuo hamna, fundi ananiambia "si ulisema nipige upya?" Diski ni hizi za kuzunguka, GB 500, nilikuwa nimejaza kama 180. Ndo basi tena?
Mama Wawili, Morogoro

JIBU: Pole dada. Kabla hujaendelea kusoma zima hiyo laptopu, sitanii.

Fundi alichagua kufuta diski yote, na hapo mafaili hayafutwi moja moja, kinachoondoka ni ile ramani ya kuonyesha nini kiko wapi, halafu Linux ikajipanga juu yake na yenyewe haili hata robo ya GB 500. Kwa hiyo vitu vyako vingi huenda bado vimelala palepale. Shida ni kwamba kila ukiwasha ukaangalia video au ukakubali apdeti, mfumo unaandika vitu vipya, na pengine unaandika juu ya uso wa bibi harusi.

Tafuta mwenye kompyuta nyingine akutengenezee fleshi ya Ubuntu (aina mojawapo ya Linux), washa laptopu kwa fleshi hiyo, chagua kuijaribu tu, USIINSTOO. Chomeka diski ya nje yenye nafasi ya kutosha, unganisha intaneti, fungua terminali (dirisha la kuandika amri) uandike sudo apt install testdisk. Hiyo TestDisk ni programu ya bure ya kufufua data, kaitengeneza Christophe Grenier, na inakuja na ndugu yake PhotoRec. Anza na TestDisk, hiyo inatafuta patisheni ya zamani ya Windows (ile sehemu ya diski ilimokuwa), ikiipata bonyeza P uone mafaili, yakiwepo yakopi kwenda diski ya nje, usirudishe kitu kwenye diski ileile maana utajifukia mwenyewe.

Ikishindwa ndo uje PhotoRec. Hii haijali ramani, inapitia diski nzima ikitambua picha au dokyumenti kwa alama za mwanzo wa faili, inachukua masaa, na majina yote yanapotea, utakuta f-namba-kibao.jpg kwenye folda za recup_dir. Andaa wikiendi na chai ya kutosha ya kuzichambua.

Ingekuwa SSD, zile diski zisizozunguka, ningekuwa naongea lugha nyingine, maana Linux huwa inaiambia SSD isafishe nafasi iliyo wazi na ikishasafisha hamna programu ya kukusaidia. Na diski ikianza kugonga tak tak, acha kila kitu umpelekee mtaalamu wa data, si yule fundi wako.

Halafu ripoti, hukuwahi kumtumia msimamizi wako kwa imeili? Angalia kwenye zilizotumwa kwanza, tena kwa simu.