Alishtakiwa kwa kupinga vita, au kwa kuchoma kadi?

SWALI: Ninatafsiri makala kuhusu vijana wa Marekani waliofikishwa mahakamani miaka ya 1960 baada ya kuharibu kadi zao za jeshi wakati wa Vita vya Vietnam. Niliandika hivi: “David O’Brien alifungwa kwa kupinga vita.” Mhariri wangu ameibadili sentensi hiyo ikawa: “David O’Brien alishtakiwa kwa kuteketeza kadi ya kuitwa jeshini.” Yeye anasema sentensi yangu ni ya kishabiki, nami naona yake imeficha ukweli. Ni ipi iliyo sahihi? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Ndugu msomaji, mzozo wenu umekaa katika neno moja dogo, yaani kwa, na umefanya vema kuuleta, maana Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoitolea uamuzi kesi hiyo tarehe 27 Mei 1968, majaji walikuwa wakipima jambo hilohilo.

Neno kwa katika Kiswahili lina kazi nyingi. Huonyesha chombo, kama katika “alikata kwa kisu”. Huonyesha sababu, kama katika “alikufa kwa njaa”. Na likifuata kitenzi kushtakiwa au kufungwa, hutaja kosa, kama katika “alishtakiwa kwa wizi”. Katika mazungumzo ya kila siku hatusumbuki, kwa kuwa muktadha hutuamulia. Katika habari za mahakamani muktadha hautoshi. Mtu akiandika “alifungwa kwa chuki”, msomaji hawezi kujua kama chuki ndilo kosa lililoandikwa katika hati ya mashtaka au ndiyo iliyowasukuma waliomfunga. Sentensi yako ina utata wa namna hiyo, nao si mdogo, kwa sababu hakuna kifungu cha sheria ya Marekani kilichomshtaki O’Brien kwa kosa la kupinga vita.

Tuyatazame yaliyotokea. Asubuhi ya tarehe 31 Machi 1966, David Paul O’Brien na wenzake watatu walichoma vyeti vyao, yaani hizo kadi, kwenye ngazi za jengo la mahakama la South Boston, mbele ya umati uliokuwa na maofisa wa FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, ndani yake. Baadhi ya watu katika umati huo waliwashambulia papo hapo, hata ofisa mmoja akamwingiza O’Brien ndani ya jengo ili kumnusuru. Alipokwisha kuelezwa haki zake, O’Brien alisema kwamba amekichoma cheti kwa sababu ya imani yake, hali akijua kwamba anavunja sheria ya nchi. Kisha akayatoa mabaki yaliyoungua, nayo yakapigwa picha kwa ridhaa yake. Katika kauli hiyo moja mshtakiwa mwenyewe ametenganisha mambo mawili: sababu iliyomsukuma, na tendo ambalo sheria imelikataza. Mtafsiri anapaswa kuyatenganisha vivyo hivyo.

Sheria aliyoivunja ilikuwa mpya. Sheria ya mwaka 1948 ilikwisha kukataza kughushi na kubadilisha vyeti hivyo, lakini tarehe 30 Agosti 1965 Rais Lyndon Johnson alitia saini marekebisho yaliyoongeza makosa mawili, yaani kukiangamiza cheti hali ukijua na kukiharibu hali ukijua, na adhabu ikawa kifungo kisichozidi miaka mitano, faini isiyozidi dola 10,000, au vyote viwili. Hati ya mashtaka ya O’Brien ilidai kwamba, kwa makusudi na hali akijua, aliharibu, aliangamiza na kubadilisha cheti chake cha usajili kwa kukichoma. Hapo tunapata kwa nyingine, na hii ni ya njia iliyotumika. Ukiandika “alishtakiwa kwa kuharibu cheti kwa kukichoma”, kwa ya kwanza inataja kosa na ya pili inaonyesha namna kosa lilivyotendeka. Mhariri wako amezikunja zote mbili katika moja. Katika kichwa cha habari hilo linavumilika, lakini katika makala inayoeleza kesi si sawa, kwa sababu angekichana cheti vipande vipande bila kuwasha kiberiti bado angekuwa na kosa lilelile.

Sasa tufike kwenye kiini. O’Brien alijitetea kwamba sheria ile ilitungwa ili kuwanyamazisha wapinzani wa vita, na kwamba kuchoma cheti hadharani kulikuwa ni kutoa maoni, jambo linalolindwa na katiba ya nchi yake. Mahakama ya rufaa ilimkubalia kwa sehemu kubwa, ikasema marekebisho ya mwaka 1965 yaliwatenga waandamanaji na kuwapa adhabu ya pekee. Hata hivyo, ilimwacha na hatia ya kosa dogo la kutokuwa na cheti chake. Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo kwa kura saba dhidi ya moja. Jaji Mkuu Earl Warren aliandika kwamba cheti kina kazi za kiutawala, kama vile kuthibitisha kwamba mtu amesajiliwa, kurahisisha mawasiliano kati yake na bodi ya eneo lake iliyosimamia usajili na wito wa jeshini, na kumkumbusha kutoa taarifa anapohama. Kwa kukiharibu, O’Brien alizivuruga kazi hizo. Kisha ikafuata sentensi ambayo ningependa wewe na mhariri wako muisome pamoja: kwa athari hiyo ya tendo lake isiyohusu ujumbe, na si kwa jambo lingine lolote, ndivyo alivyotiwa hatiani.

Unaona basi kwamba ukiandika “kwa kupinga vita” bila kusema ni nani anayesema hivyo, umemtangaza O’Brien mshindi wa hoja aliyoshindwa mahakamani. Na ukiandika “kwa kuharibu cheti” ukaishia hapo, umeichukua hoja ya Warren kana kwamba haikupata kupingwa, ilhali taarifa za kamati za Bunge zilizofuatana na marekebisho yale zilionyesha wazi kwamba waliolengwa ni waliokuwa wakiharibu vyeti kwa kuonyesha ukaidi. Mimi binafsi naona manung’uniko yako yana haki ndani yake. Lakini haki hiyo haipatikani kwa kuipachika kwenye kwa isiyo na mwenyewe. Tumieni “kwa kosa la” kwa lile lililoandikwa katika hati ya mashtaka, na “kwa sababu ya” au “kutokana na” kwa nia na chanzo. Na anayedai kwamba nia ndiyo iliyoadhibiwa atajwe waziwazi.

Umuhimu wa kutenganisha mambo haya unaonekana zaidi katika kesi ya David Gutknecht wa Minneapolis, ambayo huenda ikakujia katika tafsiri yako. Mwaka 1967 yeye hakuchoma chochote, bali aliziacha kadi zake miguuni pa ofisa wa serikali kuu. Bodi ya eneo lake ikamtangaza mkaidi na kumsogeza mbele katika zamu ya kuitwa, na alipokataa kutii amri ya kuingia jeshini ndipo aliposhtakiwa. Aliadhibiwa na bodi kutokana na kuziacha kadi. Alishtakiwa kwa kosa la kukataa kuingia jeshini. Mwaka 1970 Mahakama ya Juu iliamua kwamba sheria haikuzipa bodi mamlaka ya kuadhibu namna hiyo. Mwandishi anayetumia kushtakiwa na kuadhibiwa kana kwamba ni neno moja hawezi kuisimulia kesi hii ikaeleweka.

Yapo mengine ya kusahihisha katika sentensi zote mbili. Neno kuteketeza limezidi kipimo, kwa maana kilichoteketea kimekwisha kuwa majivu, na mabaki ya cheti hiki yalipigwa picha. Andikeni kuchoma, au kuharibu mnapofuata maneno ya sheria. “Kadi ya kuitwa jeshini” nayo inapotosha. Kadi aliyopewa kijana wa miaka 18 haikumwita popote. Ilithibitisha tu kwamba jina lake limo katika orodha, na amri ya kuripoti ilikuja, kama ilikuja, kwa karatasi nyingine. Ningeandika “cheti cha usajili wa utumishi wa jeshi” mara ya kwanza, kisha “cheti” au “kadi” baada ya hapo. Msishawishike kusema “kadi ya mujibu wa sheria”, kwa kuwa msomaji wa Tanzania atadhani mnazungumzia vijana wa JKT.

Kuhusu “alifungwa”, O’Brien alihukumiwa chini ya sheria ya vijana wakosaji kuwekwa mikononi mwa Mwanasheria Mkuu kwa muda usiozidi miaka sita, kwa hiyo “alihukumiwa” ni salama zaidi. “Alifungwa” litumike kwa David Miller, aliyechoma kadi yake New York tarehe 15 Oktoba 1965, akawa wa kwanza kutiwa hatiani kwa marekebisho yale na akatumikia kifungo gerezani. Na tafadhali msiandike “Mahakama Kuu” mnapokusudia mahakama ya mwisho ya Marekani, kwani kwetu jina hilo ni la mahakama iliyo chini ya ile ya rufani.

Kwa hiyo sentensi yenu ningeiandika hivi: “David O’Brien alishtakiwa na kutiwa hatiani kwa kosa la kuharibu cheti chake cha usajili wa utumishi wa jeshi, alichokichoma hadharani mwaka 1966 kwa sababu ya kupinga Vita vya Vietnam, yeye alidai kwamba anaadhibiwa kwa maoni yake, lakini Mahakama ya Juu ilikataa dai hilo.” Ni ndefu kuliko zenu mbili zikiunganishwa, na sioni neno la kupunguza.