Lundo la Mchanga na Mlima wa Moto

SWALI: Mwanangu wa kidato cha tatu kaona malundo ya mchanga mkavu, madogo kwa makubwa, yana mteremko uleule. Anauliza kama milima ya volkano nayo hujipanga hivyo, na kama ina kanuni, mbona haisemi siku ya kulipuka? (Mzazi, Mikindani)

JIBU: Kijana kaona sawasawa, mzee wetu. Mwinuko ukizidi, chembe inateleza, na lundo linajirudisha lenyewe kwenye pembe yake, digrii 30 na ushee. Parícutin ya Mexico, iliyoota shambani Februari 1943, ilirundikwa na vipande vya mawe kwa namna hiyohiyo. Ndani ya mwaka ilipita mita 300. Lakini volkano ya Karthala huko Ngazija, ng'ambo yenu kilomita kama 380, imelala kama ngao kwa sababu lava yake ni nyepesi, hutiririka mbali kabla ya kuganda.

Apime mwenyewe. Achekeche mchanga uliokauka juani, aumimine polepole kwenye sinia kupitia faneli, mdomo wake ukiwa sentimita 5 tu juu ya kilele. Upana wa kitako ukifika sentimita 30, kimo kitakuwa 9 hivi. Lundo likisimama wima mno, mchanga una unyevu. Likiwa bapa, kamimina kutoka juu sana.

Kisha abadili, atumie mchele mrefu, ahesabu maporomoko: madogo tele, makubwa haba. Wanafizikia wa Oslo walichapisha jaribio la namna hii mwaka 1996, na ni punje ndefu zilizofuata kanuni hiyo. Za mviringo zilikataa, kwa hiyo asishangae mtama ukimwangusha.

Milipuko nayo ni hivyo. Kwenye kipimo cha ukubwa wake, ukiacha zile za mwanzo, kila ngazi ya juu ni mara 10 ya iliyo chini: St. Helens ya Marekani 1980 ilitoa majivu na mawe kama kilomita 1 ya ujazo, Pinatubo ya Ufilipino 1991 kama 10, Tambora ya Indonesia 1815 zaidi ya 100. Kadiri inavyokuwa mikubwa ndivyo inavyoadimika.

Ila kanuni hiyo inatoa uwiano, si tarehe. Punje ileile inaweza kuteleza peke yake au kuangusha nusu ya lundo. Wanaotaka siku hutegemea mlima wenyewe: mitetemo, ardhi kuvimba, gesi kuongezeka. Kwa dalili hizo, maelfu waliondolewa Pinatubo kabla ya mlipuko wake mkuu wa Juni 15.