Prosesa ya kurenda na ya gemu: kabla hujauliza bei

Ukiingia dukani kutafuta prosesa kubwa, muuzaji atataka kujua mfuko wako unasemaje. Kuna swali linalotangulia: unaporenda, yaani unapotoa video ya mwisho, nani anaibana iwe faili dogo, prosesa yenyewe au kadi ya grafiksi? Wengi wanaohariri harusi na send-off hapa Tanga, kuanzia Ngamiani hadi Raskazone, hawajawahi kulichungulia hilo. Ndiyo maana utakuta mtu ana prosesa ya viini (core) 16, na kila akirenda viini kumi vinasinzia.

Kuchungulia ni kazi ya dakika tano. Anza kurenda kipande chochote cha kazi yako, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, uende kwenye ukurasa wa Performance. Gusa GPU utazame grafu ya Video Encode. Ikiwa imepanda huku prosesa ikielea asilimia 30 au 40, kazi inafanywa na sehemu maalum ya kubana video: NVENC ya kadi ya NVIDIA, au na Quick Sync iliyomo ndani ya prosesa za Intel. Ikiwa Video Encode iko sifuri na prosesa imegota asilimia 100, unabana kwa programu: x264, x265 au SVT-AV1. Kila njia ina prosesa yake, na kuzichanganya ndiko kunakomaliza hela za watu.

Njia ya kadi ni ya haraka sana, ila kwa ubora uleule faili hutoka kubwa zaidi. Kwa harusi inayokabidhiwa kwenye flashi au inayopandishwa YouTube, hilo si tatizo. YouTube wenyewe wanapendekeza megabiti 35 hadi 45 kwa sekunde kwa video ya 4K ya fremu 24 hadi 30, halafu wanaibana upya kwa njia yao. Kukesha ukibana kwa x265 kitu kitakachobanwa tena ni kuchuja chai mara mbili. Ukiwa mtu wa njia hii, viini 8 vinakutosha, na pesa iliyobaki iende kwenye kadi na RAM.

Njia ya programu ina wenyewe: wanaohifadhi kazi za miaka mingi na hawataki kununua diski kila mwezi, na wanaopandisha faili kwa bando. Kwa x265, CRF (namba ya ubora) ya 20 hadi 22 na preset (kasi ya kubana) ya slow hutoa picha safi na faili dogo. Hapo viini vingi vinalipa, lakini kuna ukuta ambao matangazo hayautaji. x265 hukata picha katika viboksi vya pikseli 64 kwa 64 na kuifanyia kazi safu kwa safu, na kila safu inasubiri ya juu yake itangulie kidogo. Picha ya 1080p ina safu 17 tu. Ya 4K ina 34. Kwa hiyo kwenye 1080p prosesa ya viini 16 hukosa kazi ya kugawa, na utaiona ikicheza asilimia 60 au 70. Haijaharibika. Iongezee kazi: HandBrake, programu ya bure ya kubana video, inaruhusu faili mbili kubanwa kwa wakati mmoja, weka 2 kwenye mipangilio ya foleni na viini vyote vitaamka.

Halafu kuna kero ambayo watu huitupia prosesa bure: video kukwamakwama wakati wa kuhariri, kabla hata ya kurenda. Kamera nyingi za Sony na Canon zinazobebwa kwenye harusi siku hizi hurekodi H.265 ya biti 10 yenye rangi ya 4:2:2, yaani yenye taarifa nyingi za rangi kuliko video ya kawaida. Kadi za NVIDIA RTX mfululizo wa 40 haziwezi kuifungua kwa vifaa vyake, hivyo mzigo wote unaangukia viini vya prosesa. Mfululizo wa 50 unaiweza. Quick Sync ya Intel nayo inaiweza, tangu kizazi cha 11. Grafiksi ndogo iliyomo ndani ya prosesa za AMD, Ryzen 7000 na 9000, haiwezi. Kwa mhariri wa namna hii, Core Ultra 7 265K ya Intel inaweza kuteleza pale ambapo Ryzen ya bei kubwa inagugumia. Hakikisha tu jina halina herufi F mwishoni. 265KF haina grafiksi ndani, na bila grafiksi hakuna Quick Sync. Ambaye tayari ana Ryzen na kadi ya zamani asiuze kitu: atengeneze proksi (nakala nyepesi) za 1080p kwa muundo wa DNxHR LB au ProRes Proxy, ahariri juu ya hizo, kisha programu irudishe faili halisi wakati wa kurenda.

Kwenye gemu hesabu ni nyingine. Gemu chache hutumia zaidi ya viini 8 kwa maana. Kinachozisukuma ni kasi ya kila kiini, na ukubwa wa kashe, yaani hifadhi ndogo iliyo ndani ya prosesa inayoiepusha na safari ya kwenda RAM kila mara. Ryzen 7 9800X3D, iliyotoka Novemba 2024, ina viini 8 na MB 96 za kashe ya L3, na ndiyo maana inaziacha nyuma prosesa zenye viini mara mbili yake. Tofauti hiyo unaiona ukiwa na kadi kali na skrini ya 1080p. Kwenye 4K kadi ndiyo inayochoka kwanza, na pengo la prosesa karibu linafutika. Usibahatishe: shusha gemu yako hadi 720p. Fremu kwa sekunde zikibaki zilezile, prosesa ndiyo inayokukwamisha. Zikiruka juu, tatizo ni kadi, na prosesa mpya haitakusaidia.

Sasa chaguo zenyewe. Anayerenda kwa kadi na kucheza gemu achukue 9800X3D, afunge mjadala. 7800X3D ya 2023 bado ni nzuri ukiipata kwa bei ya chini, ila kashe yake imewekwa juu ya viini na huzuia joto kutoka; kwenye 9800X3D wameihamishia chini. Anayebana kwa programu na gemu ni starehe ya Jumapili achukue Ryzen 9 9950X ya viini 16. Anayetaka vyote, na hela ipo, ni 9950X3D ya Machi 2025. 9900X3D tunaiona ni mtego: viini 12 vimegawanywa sita kwa sita, na kashe kubwa iko upande mmoja tu, kwa hiyo gemu inapata viini sita vya maana.

9950X3D nayo ina masharti. Viini 8 vina kashe kubwa, 8 havina, na anayeipeleka gemu upande sahihi ni draiva ya chipset ya AMD ikishirikiana na Game Bar ya Windows. Ukizima Game Bar kwa kudhani unaongeza kasi, gemu hutangatanga. Anayehama kutoka prosesa ya viini 8 ni heri aweke Windows upya. Ukitaka kubana video huku unacheza, zitenganishe kwa mkono. Windows huhesabu kila kiini mara mbili, hivyo inaona 32. Kwa kawaida 16 za mwanzo ndizo zenye kashe. Fungua Command Prompt ndani ya folda ya HandBrake uandike:

start "" /affinity FFFF0000 /belownormal HandBrake.exe

HandBrake itabaki kwenye 16 za mwisho na gemu itaachiwa upande wenye kashe.

Kuhusu Core i9 za kizazi cha 13 na 14, hasa 13900K na 14900K, zinazouzwa mtumba kwa bei ya kuvutia: tahadhari. Intel walitangaza Julai 2024 kwamba prosesa hizo zilikuwa zikiomba volti za juu kupita kiasi, na marekebisho ya microcode (maelekezo ya ndani ya prosesa) yakafuata, 0x129 mwezi Agosti na 0x12B mwezi Septemba. Marekebisho yanakinga, hayaponyi iliyokwisha kuumia. Dalili ni gemu kufunga ikilalamika kwamba memori ya video imeisha wakati kadi ina nafasi tele, au faili la zip kugoma kufunguka. Ya mtumba isiyojulikana ilikotumika, iache.

Joto la Tanga lina neno katika uchaguzi huu kuliko jedwali lolote la mtandaoni. Vipimo hivyo hufanywa kwenye vyumba vya nyuzijoto 20 hadi 22. Msimu wa kaskazi chumba kisicho na kiyoyozi Makorora au Chumbageni hufika 32 bila jasho, na kila nyuzi inayoongezeka chumbani huongezeka karibu ileile kwenye prosesa. 9950X inaruhusiwa kula wati 230 na kikomo chake cha joto ni nyuzi 95. Huku kwetu itagonga 95 na kuanza kujipunguza kasi, na wewe utakuwa umelipia kasi usiyoipata. Dawa iko kwenye BIOS, yaani mipangilio ya mazabodi: washa Eco Mode ya 105W, ambayo huifunga prosesa kwenye wati 142. Muda wa kurenda huongezeka kidogo, lakini feni hutulia na joto linashuka sana. Usitegemee kutajirika kwa LUKU hata hivyo. Wati 88 ulizopunguza, kwa saa sita za kurenda, ni kama nusu yuniti. Kwa shilingi 356 kwa yuniti hiyo haifiki shilingi 200. Faida yake ni prosesa kutojipunguza kasi, na UPS kupata pumzi.

Kwa kipoozeo, 9800X3D inatosheka na cha hewa chenye minara miwili. 9950X na 265K zipewe cha maji cha milimita 360, redieta ikae juu ya kesi, isiwe chini ya pampu, maana mapovu hupanda na yakikwama kwenye pampu utasikia ikikwaruza. Karibu na bahari adui wa pili ni chumvi. Mashine inayokaa dirishani Raskazone huota kutu kwenye skrubu na kwenye miguu ya RAM. Iweke mbali na dirisha, iwashe mara kwa mara hata kama huna kazi, kwa kuwa mashine yenye uvuguvugu hailowi. Ukiitoa kwenye chumba chenye kiyoyozi kwenda nje, subiri saa nzima kabla ya kuichomeka. Hewa ya pwani hugeuka umande juu ya chuma baridi.

Umeme ukikatika katikati ya kurenda, faili la MP4 mara nyingi halifunguki tena. UPS ya 650VA iliyoizoea kompyuta ya ofisi haitabeba mashine hii. Jumlisha: prosesa 142, kadi 300, vingine 80, ni wati 522. Tafuta ya 1500VA inayobeba angalau wati 900, na iwe ya wimbi safi la saini, kwa sababu pawa saplai nyingi za kisasa hugomea wimbi la kuiga na kuzima palepale umeme unapohamia betri. Pawa saplai yenyewe iwe wati 850, daraja la Gold.

RAM kwa Ryzen ni DDR5-6000, vipande viwili. Si vinne. Ukijaza nafasi zote nne, kasi rasmi huporomoka hadi 3600. Anayehariri 4K anunue viwili vya GB 32 tangu mwanzo. Ukishawasha EXPO, mpangilio wa BIOS unaoipa RAM kasi yake kamili, angalia volti ya SoC (sehemu ya prosesa inayosimamia RAM) isizidi 1.3, maana BIOS za kabla ya Mei 2023 zilikuwa zikiipandisha hadi kuunguza prosesa za X3D.

Mzigo mwingi unatoka Kariakoo kwa basi, na kwenye AM5, soketi ya Ryzen hizi, pini ziko kwenye mazabodi. Mwambie muuzaji asikitoe kile kifuniko cha plastiki cha soketi, na mazabodi isafiri ndani ya boksi lake, si kwenye mfuko wa rambo juu ya mizigo. Ikifika, mulika pini kwa tochi ya simu kutoka pembeni kabla ya kuweka prosesa. Pini iliyolala huonekana kama doa linalong'aa tofauti na jirani zake.

Ukiwasha mara ya kwanza skrini inaweza kubaki nyeusi dakika kadhaa huku mazabodi ikijifunza RAM. Acha. Wengi huchomoa hapo, na safari inaanza upya. Ikipita robo saa, yaelekea mazabodi ya B650 au X670 ina BIOS ya kabla ya Ryzen 9000. Pakua mpya, iweke kwenye flashi ya FAT32 kwa jina linalotajwa kwenye kitabu cha mazabodi, chomeka kwenye tundu la Flashback (la kubadili BIOS kwa flashi), bonyeza kitufe chake sekunde tatu, na usiguse umeme hadi taa iache kupepesa. Na kabla ya yote hayo, bandua nailoni iliyo chini ya kipoozeo. Inasahaulika kila siku.

Ikishasimama, renda kwa x265 saa moja mfululizo mchana wa jua kali huku HWiNFO, programu ya kusoma vipimo vya mashine, ikiwa wazi. Tazama mistari miwili: joto la prosesa, na idadi ya makosa ya WHEA, yaani hitilafu za vifaa ambazo Windows huziandika. Makosa yawe sifuri. Likitokea hata moja, zima EXPO urudie; likitokea tena bila EXPO, irudishe dukani ikiwa na risiti na boksi lake.