Usimkataze mama yako kusema anaumwa

Mleta mada, nimesoma uzi wako mara mbili na mikono bado inanitetemeka. Umeuliza mambo manne: Mungu anakusudia nini katika saratani ya mama yako, umsomee mistari gani, mgawane vipi zamu za kumuuguza na ndugu zako, na kama ni sawa afunge huku anatumia dawa. Halafu katikati, kama jambo dogo tu, ukaandika kwamba nyumbani kwenu mmekubaliana hakuna kutamka "naumwa", ni kukiri uponyaji tu, na mama "anajitahidi sana kulishika ungamo lake". Nimeishia hapo. Hayo mengine sijui kama nitayafikia.

Yavunjeni makubaliano hayo. Leo hii, kabla hajalala.

Nayajua kwa sababu mimi ndiye niliyeyaleta nyumbani kwetu. Saratani ya mama ilikuwa imeshafika kwenye mifupa ya mgongo, na mimi binti yake mkubwa, niliyekuwa nikimwosha na kumlisha kwa mikono hii, ndiye niliyemfundisha kunyamaza. Kiongozi wa kikundi chetu cha maombi alikuja na Mithali 18:21, mauti na uzima huwa katika uwezo wa ulimi. Akaongeza Yoeli 3:10, aliye dhaifu na aseme, Mimi ni hodari. Akamalizia na yule mwanamke Mshunami: mwanawe amekufa, ameulizwa habari za mtoto, naye akajibu kwamba hajambo. "Mmeiona imani?" akatuuliza. Tukaitikia amina. Tangu siku hiyo mama akianza tu kusema "mgongo", namkatiza: "Mama, sema nimepona." Akawa anatii. Ikafika mahali mama yangu mzazi ananiomba radhi kwa sababu amegeuka vibaya kitandani akaguna.

Sasa sikiliza jambo ambalo mimi hakuna aliyeniambia. Mgonjwa akizoeshwa kuficha maumivu nyumbani, hayafichui hospitali huku wewe umekaa pembeni yake. Kila tulipokwenda kliniki, muuguzi alimuuliza, "Mama, kuanzia 0 mpaka 10, maumivu yako ni ngapi?" Mama ananitazama mimi kwanza. Kisha anajibu, "Mawili." Muuguzi anaandika 2. Na mwenye 2 hupewa vidonge vya kawaida akarudi nyumbani. Tulifanya hivyo wiki 7.

Siku moja nafua matandiko yake nikakuta foronya imetoboka kwenye kona. Nikadhani ni panya. Nikaipeleka dirishani kwenye mwanga, nikaona ni alama za meno, safu ya juu na safu ya chini, mahali pamoja pameumwa tena na tena mpaka kitambaa kimekatika. Alikuwa akiiuma usiku ili mimi niliyelala chumba cha pili nisimsikie.

Nilikwenda nayo mkononi, nikakaa kitandani kwake. "Mama, ni ngapi kweli?" Akakaa kimya muda mrefu. "Tisa, mwanangu. Usimwambie kiongozi wenu."

Kesho yake tulirudi hospitali, nikamwacha aingie bila mimi. Akaandikiwa mofini ya maji, dawa ya maumivu makali, ya kunywa kila baada ya saa 4, saa ikifika anywe hata kama maumivu hayajarudi, na dawa ya kulainisha choo kwa sababu mofini hufunga tumbo. Kiongozi aliposikia akasema mofini ni dawa ya waliokata tamaa. Bado nina hasira na neno hilo, na sijutii kuwa nayo. Mtu ambaye hajawahi kumgeuza mgonjwa wa mgongo saa tisa usiku alipata wapi ujasiri wa kusema hivyo? Muuguzi ndiye aliyenieleza habari za Cicely Saunders, daktari Mwingereza, Mkristo aliyetumikia kwa imani yake hasa, aliyefungua nyumba ya kuwatunza wagonjwa wasiopona huko London mwaka 1967. Alifundisha kwamba dawa ya maumivu itolewe kwa saa zake, mgonjwa asingoje kuombaomba, na kwamba maumivu ya mtu ni ya mwili, ya akili, ya mambo ya nyumbani na ya roho kwa pamoja. Imani ndiyo iliyomsukuma kutuliza maumivu. Sisi tulitumia imani hiyohiyo kuyaziba mdomo.

Nikarudi kwenye Biblia kwa uchungu, nikasoma yale tuliyorukishwa. Yoeli 3 ni mataifa yanaitwa vitani, hamna mgonjwa pale. Na Mshunami, soma 2 Wafalme 4 usiishie mstari wa 26. Lile jibu la hajambo alimpa Gehazi, mtumishi wa nabii Elisha, njiani. Alipomfikia Elisha mwenyewe alimshika miguu. Gehazi akaja kumwondoa, Elisha akamwambia amwache, roho yake ina uchungu, na Bwana amenificha jambo hili. Nabii mwenyewe hajui! Kisha yule mama anafungua kinywa na kulalamika: kwani mimi niliomba mwana? Sikukuambia usinidanganye? Wala hakuna aliyemkemea kwa kukiri kushindwa. Katika chumba kile cha mama, Gehazi nilikuwa mimi, na usiku mwingine bado namwona akinitazama kabla ya kusema mawili.

Unauliza maana ya mateso haya. Mimi niliitafuta kwa bidii ile iliyomfanya mama anyamaze, sikuipata. Nilianza kuona kitu maumivu yaliposhuka mpaka 3 akapata nguvu ya kuongea. Usiku mmoja aliniomba nimsomee zaburi, nikakimbilia zile za ushindi. Akakataa. Nikafungua ya 88, mistari 18 ya kilio, inayoishia gizani bila shukrani yoyote. Nilitaka kuruka mwisho, akanishika mkono. Nilipomaliza akasema, "Huyu ananijua." Halafu akaniambia jambo ambalo sitalisahau: "Nilikuwa naumwa peke yangu hata mbele za Mungu. Nilidhani na yeye anataka nimwambie mawili."

Tangu usiku ule alisali kwa lugha yake mwenyewe. Bwana, nimechoka. Bwana, namwogopea huyu mwanangu wa mwisho, atabaki na nani. Alilia, akacheka, akaniagiza mambo ya mazishi yake bila mimi kumkatiza. Alimzungumzia Yesu wa Gethsemane kama mtu aliyelazwa kitanda cha jirani, kwa sababu na yeye alisema wazi kwamba roho yake ina huzuni kiasi cha kufa, akawaomba rafiki zake kitu kimoja tu, kaeni hapa mkeshe. Kama unataka maana, mimi niliiona hapo. Mama hakuwa peke yake tena, na alikuwa anajua.

Alibakiwa na wiki 16 tangu tulipoweka lile agano la ulimi. Wiki 7 za mwanzo nilizichukua mimi. Usinipe pole, ziokoe zako.

Akitokea wa kukuuliza ni dhambi gani imeleta ugonjwa, soma Yohana 9:3 na Luka 13:4, wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, ambako Yesu anakataa hesabu hiyo, kisha mwambie anayekuuliza afunge mdomo. Kufunga kwa mama kaulizeni daktari, asifungishwe na kikundi. Zamu za ndugu watakusaidia wengine humu, mimi nilizishindwa.

Omba uponyaji, omba sana, mimi niliomba mpaka siku ya mwisho. Ila jioni hii kaa karibu naye, funga mlango, mwambie kwamba akisema ukweli hutahuzunika na wala Mungu hatakasirika. Muulize ni ngapi. Akikutazama kwanza kabla ya kujibu, muulize tena. Kisha geuza mto wake, uangalie foronya.