Jibu: Shuleni mpole, nyumbani moto

Mama, umesema mwalimu wa darasa la kwanza anamsifu mwanao kwa utulivu, lakini akifika nyumbani analia kwa ajili ya soksi na kumpiga mdogo wake, na tena anachanganya herufi b na d. Wangu wa kwanza alikuwa hivyo hivyo muhula mzima. Si kwamba anakudharau. Kutwa amejizuia: kukaa kitako, kusubiri zamu, kuomba ruhusa hata ya kwenda chooni. Akikuona anajiachia, maana anajua kwako hafukuzwi.

Maswali yasubiri. Ale kitu, avue viatu, acheze peke yake kama nusu saa hivi. Ukimvamia na "leo mmejifunza nini?" utajibiwa "hamna". Wangu habari zote alizitoa wakati wa kuoga, povu kichwani: nani kamsukuma nani kwenye foleni, kifutio cha nani kimepotea. Hapo ndipo nilipojua kumbe kengele ilikuwa inamtisha, na mwalimu akamhamishia dawati la mbali nayo.

Usingizi nao uangalie. Umri wa miaka 6 anahitaji saa 9 hadi 12 kwa usiku mmoja, na wengi hawazipati (wazazi ndio kabisa).

Hilo la kuchanganya b na d wala lisikusumbue, ni kawaida mpaka miaka 7 hivi. Ila akianza kuumwa tumbo kila asubuhi ya shule na Jumamosi yuko mzima, au kukojoa kitandani wakati alishaacha, nenda kaongee na mwalimu wiki hiyo hiyo, mtoto akiwa hayupo.